Makomamanga ya Mwaka Mpya

Tehran, 2 Esfand 1350

Mama mdogo Effat,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya cherehani, maana nikikaa tu miguu inaanza kucheza yenyewe. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Shahrud? Na mke wa mwanao Kamran, ameacha kukuficha chumvi?

Nina habari moja na ombi moja. Habari ni kwamba nahama Tehran, na ile shule ninayofundisha ushonaji hapa naiacha. Kuna shule nyingine ya ushonaji Ahvaz inatafuta mwalimu wa kukata vitambaa. Niliwaandikia, wamenikubali. Najua unachokisema hapo ulipo. Unasema, haya, ya nne hiyo. Kweli, kwa fundi Markar niliondoka wakati wa mwaka mpya, kiwandani vilevile, na uchumba wa yule karani wa posta niliuvunja zikiwa zimebaki siku tatu mwaka ugeuke, na wewe ulikwisha nunua kitambaa cha gauni. Lakini mlitaka nitulie namna gani? Ninyi wenyewe mmeniambia tangu utoto kwamba nilizaliwa siku ile ile jua linapoingia nyota ya Hamali na mwaka kugeuka. Mtu wa Hamali huanza. Kumaliza ni kazi ya wengine.

Wiki iliyopita nilikwenda Rey kwa Mirza Habib, yule mnajimu. Akafungua vitabu vyake, akapiga hesabu, akaniambia natimiza thelathini siku ya mwaka mpya, na sayari ya Zohali imezunguka mbingu nzima ikarudi pale ilipokuwa nilipozaliwa. Akasema mwaka huu niugeuze uso wangu kwangu mwenyewe, nikate kamba zote, nianze upya, na ile saa mwaka unapogeuka isinikute chini ya dari ninayoijua. Kwa hiyo nimekata tiketi ya treni ya tarehe thelathini, siku ya mwisho ya mwaka, saa sita mchana. Mwaka unageuka saa kumi kasoro dakika tisa alasiri. Nitakuwa mahali fulani nimeshaipita Qom.

Yupo pia Sohrab, mtengeneza saa wa mtaani kwetu. Mwaka jana aliniomba niolewe naye, nami nikamwambia jibu atalipata kabla mwaka huu haujageuka. Sasa jibu ndiyo hiyo treni. Sikufichi, nampenda. Huwa naingia dukani kwake bila hata sababu, nasimama tu, saa zote zinagonga kila moja kwa wakati wake, na miguu yangu inatulia. Hilo ndilo linalonitisha.

Mama sijamwambia. Unajua nyumbani Saveh mzinga wa kutangaza mwaka mpya ukilia kwenye redio hakuna anayefungua mlango mpaka nigonge mimi, mwenye mguu mwepesi unaoleta heri. Mama anauliza, "Nani?" Nasema, "Bahar." Anauliza, "Umeleta nini?" Nasema, "Afya." Halafu analia, halafu tunakula samaki. Mwaka huu itabidi agonge mtu mwingine.

Ombi langu ni saa niliyozaliwa. Mirza anaitaka ili anichoree nyota zangu sawasawa. Mama mara ya kwanza alisema alfajiri, mara ya pili akasema adhuhuri, mara ya tatu akainuka kutazama sufuria. Wewe ulikuwepo. Niambie.

Bahar

*

Shahrud, 8 Esfand

Bahar mwanangu,

Chumvi bado inafichwa. Nimejinunulia ya kwangu, naiweka ndani ya soksi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Kwanza, huyo Mirza wako ana mke? Mwanaume anayemwambia msichana akate kamba zote, ukimchunguza utakuta anajipikia mwenyewe. Pili, mahali mwaka unapokukuta ndipo unapokuweka. Hilo hata mke wa Kamran analijua. Ukikukuta garini, utakuwa njiani miezi kumi na miwili, na mimi nimechoka kununua vitambaa vya magauni yasiyoshonwa. Tatu, huyo mtengeneza saa. Umenieleza saa zake zote ila yeye mwenyewe. Ana meno? Ana mama? Kama ni mtu anayekutuliza miguu, mbona unamkimbia? Watu wengine wanatafuta dawa ya namna hiyo mpaka Mashhad kwenye kaburi la imamu.

Na huko Saveh, mama yako atafungua mlango nani akigonga? Paka?

Kuhusu saa uliyozaliwa, mwanangu, nani alikuwa na nafasi ya kutazama saa? Mama yako alikuwa ameketi uani katikati ya makomamanga, tunakamua wote, tumeshajaza masufuria mawili, mara akajishika kiuno. Nikamwambia inuka, akasema hawezi. Basi ukatoka papo hapo kwenye mkeka. Nilikupokea mikono yangu myekundu mpaka kwenye viwiko, na mkunga alipofika akadhani ni damu, akarudi nyuma akakanyaga sufuria. Hukulia. Ulitutazama tu, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu waliohudhuria. Mwambie Mirza ulizaliwa saa ya makomamanga, aone kama kitabu chake kina saa hiyo.

Tiketi irudishe.

Effat wako

*

Tehran, 14 Esfand

Mama mdogo,

Mimi ni mtoto wa Saveh. Kwetu makomamanga yanachumwa lini? Mehr, mwezi wa saba. Ukichelewa sana, Aban, wa nane. Yanayobaki yanatundikwa darini, na mwaka mpya ukifika ngozi zimekauka, unalipasua moja wageni waone wekundu, basi. Hakuna mtu aliyewahi kukamua makomamanga mpaka kwenye viwiko siku ya mwaka mpya, ya kwanza ya Farvardin.

Nilidhani umechanganya, uzee. Lakini mkunga, sufuria, mkeka. Mtu hachanganyi namna hiyo.

Jana Ijumaa nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa anaosha ngano ya kuotesha kwa ajili ya mwaka mpya. Nikamuuliza, "Mama, mimi nilizaliwa wakati wa makomamanga?"

Akaweka bakuli chini. "Effat amekuandikia nini?"

"Jibu kwanza."

"Mwaka huu utakuja kugonga mlango?"

"Mama, nimekuuliza."

"Na mimi nimekuuliza."

Ndivyo tulivyokaa, sahani ya zabibu katikati yetu, mpaka saa ya basi. Sijawahi kumwona mama akiogopa. Baba alipokufa hakuogopa.

Sasa nakuuliza wewe. Mirza nimemwambia asubiri. Usiku silali, mchana nakosea vipimo, juzi nimemkatia mwanafunzi gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Kama hutasema kweli, usiniandikie tena.

Bahar

*

Shahrud, 19 Esfand

Mwanangu,

Nilimwapia mama yako juu ya Kurani, na sasa navunja kiapo kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe na makomamanga yangu. Mungu atanisamehe au hatanisamehe, nitajua mimi na yeye.

Kabla yako kulikuwa na Bahar mwingine. Yeye ndiye aliyezaliwa siku ya kwanza ya Farvardin, 1321, asubuhi, mwaka unapogeuka. Kwa sababu hiyo aliitwa Bahar, jina la majira ya machipuo yanayoanza siku hiyo, na cheti cha kuzaliwa ulichonacho ni chake. Ilikuwa miaka ya vita, mkate wenyewe ulichanganywa na unga wa mbao. Mwezi wa Bahman surua ikaingia mtaani, ikamchukua. Alikuwa na miezi kumi.

Wewe ulizaliwa Mehr 1323, kati ya tarehe ishirini na ishirini na tano. Siku yenyewe siikumbuki, tulikuwa tunakamua wiki nzima.

Baba yako alitakiwa aende ofisini, wamfute yule, wakuandike wewe. Karani angepiga muhuri juu ya jina kwamba amefariki. Mama yako akakalia sanduku lililokuwa na kile cheti. Siku mbili, Bahar, hakuinuka hata kula, wewe unanyonya hapo hapo juu ya sanduku. Mwishowe baba yako akasema, "Karatasi ipo, mtoto yupo, yaishe." Usidhani ni sisi tu. Nusu ya mtaa walifanya hivyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alichukuliwa jeshini ana miaka kumi na sita kwa karatasi ya kaka yake aliyekufa.

Kwa hiyo huna miaka thelathini. Una ishirini na saba na miezi mitano. Wanawake wengine wangenitumia zawadi kwa habari hiyo. Shule ulipelekwa hujatimiza miaka mitano, karatasi inasema saba na nusu. Ulikuwa hujui kufunga kiatu. Ulilala juu ya dawati kila siku na mwalimu akasema mtoto huyu mzito wa akili. Hukuwa mzito. Ulikuwa mdogo, na sisi sote tulijua, na hatukusema. Hilo linaniuma kuliko yote.

Na wewe si wa Hamali. Mke wa Kamran anasoma nyota kwenye jarida, anasema wa Mehr ni Mizani, watu wanaopima sana na kuchelewa kuamua. Sijui. Mtu wa Mizani ninayemjua ni mmoja tu, na huyo hukimbia.

Effat

*

Tehran, 23 Esfand

Mama mdogo,

Nikuulize kwanza hili: umeyatunga haya ili nisipande treni? Ungekuwa umeyatunga ningekushukuru.

Fundi Markar alilia siku niliyoondoka. Alinifundisha kila ninachokijua, nikamwachia koti la bwana harusi halina mikono, kwa sababu mwaka ulikuwa unageuka na mimi ni wa Hamali. Yule karani wa posta mama yake aliugua kwa aibu. Nilisema nifanyeje, nyota inanivuta. Sasa unaniambia ile nyota si yangu. Basi aliyeondoka ni nani? Nimelala na swali hilo siku mbili na kila upande ninaogeukia liko pale. Aliyeondoka ni mimi. Hakuna aliyenivuta.

Mirza nimemrudia. Nikamwambia tarehe ilikuwa ya mtu mwingine. Hata hakushtuka. Akasema nilete hiyo mpya, atapiga hesabu upya. Nikamwambia ni kati ya ishirini na ishirini na tano. Akasema kwa siku tano hawezi kufanya kitu, mbingu haingoji. Nikatoka bila kuaga.

Lakini hayo si kitu. Mlango ndio unaoniua. Tangu nina miaka saba, au mitano, au mingapi sijui, mama ananitoa nje na bakuli la maji na jani bichi, mwaka unageuka, nagonga, anauliza nani, nasema Bahar, naye analia. Nilidhani ni furaha. Kumbe anamfungulia yule. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, saa yake, jina lake, mimi nimeazima miguu tu. Miaka yote hii nimekuwa miguu ya marehemu.

Siendi Saveh. Treni ni Jumatatu saa sita.

Sijui nitie sahihi gani.

*

Shahrud, 26 Esfand

Mwanangu,

Sikutunga. Nina kasoro nyingi, ila akili ya kutunga kitu kama hicho sina.

Kuhusu mlango siwezi kukubishia. Na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Kila mwaka nilikuwa nimeketi pale karibu na kioo na ngano mbichi vya mwaka mpya, nakusikia unasema "Bahar," naona uso wa mama yako, nami nasogeza sahani pembeni. Unadhani kwa nini nilihamia kwa Kamran na kuvumilia mambo ya chumvi? Nilikimbia. Unaona, hata mimi hukimbia, na mimi nimezaliwa mwezi wa Dey, sijui ni nyota gani, labda ya bata.

Lakini sikuwahi kumuuliza. Miaka ishirini na saba, dada yangu wa tumbo moja, sikumuuliza hata siku moja. Niliona afadhali kubuni. Wewe usiwe kama mimi. Muulize yeye.

Ukitaka kupanda treni, panda. Ahvaz nako kuna watu. Ila ukipanda, panda kwa sababu unataka kwenda, na uniandikie hivyo, kwamba ulitaka. Nitakuelewa. Nikisoma tena neno nyota kwenye barua yako nitaichana.

Hii naipeleka posta mwenyewe, na magoti haya.

Effat

*

Saveh, 4 Farvardin 1351

Mama mdogo mpenzi,

Sikupanda treni.

Stesheni nilifika mapema, na sanduku, na cherehani ndogo kwenye begi. Nikasimama penye mlango wa behewa langu. Treni ikapiga honi mara ya kwanza, nami nikawa nasubiri kile kitu kinachonivuta kila mwaka, ule moto wa kifuani unaosema nenda. Haukuja. Nikajiuliza kama mtu anavyomuuliza mtoto wa jirani: unataka kwenda Ahvaz? Na jibu likawa sitaki. Joto la Ahvaz silipendi. Nilishawahi kukaa huko wiki moja, nikatoka vipele mpaka masikioni. Mkaguzi akaniambia, "Dada, unapanda au unaaga?" Nikamwambia hata mimi sijui, ila nadhani narudi nyumbani.

Nikaenda kwa Sohrab na sanduku langu. Alikuwa anafuta kioo cha dirisha tayari kufunga. Nikamwambia bila salamu, "Sina miaka thelathini. Nina ishirini na saba na miezi mitano, na si wa Hamali."

Akasema, "Hilo ndilo jibu?"

"Hapana, hiyo ni hesabu. Jibu ni ndiyo."

Akasema, "Sawa, ngoja nifunge duka." Halafu akahangaika na kufuli, mtu anayeshika vidude vidogo kuliko punje ya ufuta kutwa nzima, tundu la ufunguo halioni. Nilimfungia mimi. Ana meno yote, uliuliza. Mama anaye, na anamwogopa kidogo.

Nikamwambia lazima nifike Saveh kabla ya saa kumi kasoro dakika tisa. Akaazima gari la shemeji yake, Paykan. Tulikwenda mbio mpaka nikaanza kuomba Mungu, na yeye kila dakika ananitajia saa bila kutazama mkononi. Tulipoingia kichochoroni kwetu nilisikia redio za nyumba zote, dua ile ya mwisho kabla mwaka haujageuka. Sohrab akasema yeye atabaki kwenye gari, si adabu kuingia hivyo hivyo. Nikatembea peke yangu. Mzinga ukalia nikiwa katikati ya kichochoro. Mwaka umenikuta pale, mama mdogo, kati ya gari na mlango, sina bakuli wala jani.

Nikagonga.

Kisha sauti ya mama, karibu sana, alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. "Nani?"

Nilifungua mdomo, lile jina likakataa. Nikasema, "Mama, ni mimi. Siyo yule."

Nikasikia anaegemea mlango, ile bawaba ya juu ikalia. Nikasema, "Najua unamngoja yule kila mwaka. Mama mdogo ameniambia. Sikulaumu. Ila mimi si yeye na siwezi kusema ni yeye."

Akasema, "Effat hajui kitu. Hajawahi kuniuliza."

"Kwa nini unalia basi?"

Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, ili na wewe uache kukimbia. Alisema, "Yule alikufa hajajua hata kusimama. Hakuwahi kwenda popote, hakuwahi kugonga mlango wowote. Najua alipo, naweka maji kwenye jiwe lake kila Alhamisi. Miguu ninayoingoja kila mwaka ni yako wewe usiyetulia. Nalia kwa sababu imerudi."

Mama mdogo, nililia mpaka nikakaa kwenye kizingiti. Yeye analia upande ule, mimi upande huu, na mlango haujafunguliwa, maana alikuwa hajamaliza. Akajifuta pua, nikamsikia, akauliza kama kawaida, "Umeleta nini?"

Nikasema, "Mtengeneza saa. Yuko kwenye gari mwisho wa kichochoro, anaona haya."

Akafungua.

Samaki walikuwa wa watu watatu. Alikuwa amepika wa watatu tangu asubuhi, na nilipouliza wa tatu ni wa nani akasema alikuwa anakungoja wewe, kila mwaka anapika wako.

Shule yangu ya Tehran nitarudi tarehe kumi na nne, wasichana wana kazi ya kumaliza na mimi nina mkono mmoja wa kushoto wa kulipa. Fundi Markar nimemwandikia. Cheti tumeamua kisiguswe, na jina nabaki nalo. Mama anasema yule hakulijua jina lake, hakupata nafasi ya kuliitikia. Aliyeitika ni mimi.

Wewe jiandae kuja Mehr. Sohrab amenunua kalenda ya ukutani na mama ameweka alama kuanzia tarehe ishirini mpaka ishirini na tano. Tutakamua siku zote hizo, na mojawapo itakuwa yenyewe. Chumvi usibebe, iko ya kutosha.

Mwanao,
Bahar